Hisa za Uasin Gishu: Kutoka Hati ya Malkia hadi Kura ya Simu

Neno hisa lilikuwako kabla ya soko la hisa. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na katika mirathi likawa na maana ya fungu la mtu katika mali ambayo bado haijagawanywa. Mwenye hisa alikuwa na haki, lakini haki yake ilikuwa imechanganyika na ya wenzake kama maziwa ya ng'ombe wengi katika pipa moja. Katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, ambako mji wa Eldoret umesimama, neno hili lilifika likiwa limeambatana na ardhi, maziwa, magome ya miti na unga. Karatasi za Nairobi zilikuja baadaye sana. Anayetaka kuelewa haki ya mwenye hisa za kawaida leo, na vizuizi vinavyowekwa ili kampuni isimezwe na mgeni, hana budi kuanza nyuma, tangu siku ambazo nchi nzima ilikuwa mali ya kampuni.

Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa hati ya kifalme kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoongozwa na William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland. Kampuni hiyo ilikodi pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ikapewa mamlaka ya kutoza kodi, kuweka mahakama na kuunda jeshi. Wenye hisa wake walikuwa Uingereza. Waliotawaliwa hawakuwa na hisa hata moja. Jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita haraka ni sharti lililoandikwa ndani ya hati yenyewe: kampuni ilitakiwa kubaki ya Kiingereza kwa tabia na makao, na wakurugenzi wake wawe raia wa Uingereza. Wakati huo Wajerumani walikuwa Tanganyika, nao Wafaransa na Wabelgiji walikuwa wakinusa pande nyingine. Serikali ya London ilihofu kwamba mgeni angeweza kununua hisa kimyakimya na kuamka asubuhi akiwa mtawala wa Mombasa. Huo ndio ukuta wa kwanza wa kuzuia kampuni kunyakuliwa ambao ardhi ya Kenya iliujua, na uliwekwa kwa ajili ya dola. Mwenye hisa hakufikiriwa.

Kampuni haikudumu. Gharama za Uganda ziliimaliza, na mwaka 1895 serikali ilichukua nchi na kuwalipa wenye hisa fidia ya pauni 250,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo, pauni 200,000, ilitoka katika mali ya Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Hivyo Afrika Mashariki ya Kiingereza ilizaliwa kutokana na ununuzi wa kampuni iliyoshindwa: mnunuzi alikuwa dola, bei haikupigiwa kura na mwananchi yeyote, na aliyelipa sehemu kubwa alikuwa mwenye nyumba aliyeikodisha.

Uasin Gishu wenyewe ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, ulipohamishiwa upande wa Kenya. Mwaka uliofuata uwanda huo ulitajwa katika pendekezo la kuwapa Wayahudi makao, pendekezo ambalo halikutimia. Walioukalia ni Makaburu kutoka Afrika Kusini. Msafara wa Jansen van Rensburg ulifika mwaka 1908 na mikokoteni yake ya ng'ombe, katika malisho ambayo kabla ya hapo Wamaasai na Wanandi waliyajua kwa majina yao. Kituo kilichoanzishwa kwenye shamba nambari 64 ndicho kilichokua kuwa Eldoret, na hadi leo wazee huuita mji huo Sitini na Nne. Mwaka 1912 Standard Bank of South Africa ilifungua tawi pale. Wenyeji husimulia kwamba kasiki nzito ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, ikashindikana kuinuliwa, basi benki ikajengwa kuizunguka. Iwe kweli au hadithi, inaeleza hali ya zama zile: mtaji ulifika kwanza, mji ukafuata.

Sheria iliyotawala makampuni wakati huo haikutoka Uingereza moja kwa moja. Ilipitia Bombay. Sheria za India zilitumika katika koloni hili kama nguo ya kuazima, na hadi mwaka 1933 ndipo Kenya ilipopata sheria yake ya makampuni, iliyoiga ile ya Uingereza ya 1929. Sheria hizo zote zilibeba kanuni ya zamani iliyotokana na kesi ya Foss na Harbottle ya mwaka 1843: kampuni ikidhulumiwa, anayeweza kushtaki ni kampuni yenyewe, na kampuni husema kwa sauti ya walio wengi. Mwenye hisa kumi akiona wakurugenzi wanaiba, na wakurugenzi hao hao wakawa na hisa elfu moja, mlango wa mahakama ulimfungia usoni isipokuwa katika hali chache. Msomaji akumbuke kanuni hii, kwa maana itarudi.

Wakulima wa Kizungu wa uwanda walitafuta njia nyingine. Tangu 1908 walikuwa wameanza vyama vya ushirika, cha kwanza kikiwa Lumbwa, sehemu inayoitwa leo Kipkelion. Mwaka 1925 ikaundwa Kenya Co-operative Creameries, KCC, kule Naivasha, na mwaka 1931 sheria ya kuandikisha vyama vya ushirika ikapitishwa ili vyama kama hicho vipate hadhi ya kisheria. Reli ilikuwa imefika Eldoret mwaka 1924, kwa hiyo siagi na nafaka za Uasin Gishu zingeweza kufika bandarini. Umuhimu wa ushirika katika historia yetu ni mpangilio wa nguvu ndani yake. Katika kampuni ya kawaida kura huhesabiwa kwa hisa. Katika ushirika huhesabiwa kwa vichwa. Hisa haiuzwi kwa mgeni yeyote apitaye njiani. Sheria za baadaye za Kenya zilikwenda mbali zaidi zikasema mwanachama mmoja asimiliki zaidi ya sehemu moja ya tano, yaani asilimia 20, ya mtaji wa chama. Kwa maneno mengine, ushirika ulikuwa ngome iliyojengwa tangu msingi. Hakuna tajiri ambaye angeweza kuamka na kuununua. Waafrika, hata hivyo, waliachwa nje ya ngome hiyo hadi sheria ya mwaka 1945 ilipowaruhusu kuunda vyama vyao.

Zama hizo hizo zilileta mmiliki wa aina tofauti. East African Tanning Extract Company, ambayo watu wa Eldoret waliijua kwa jina fupi la EATEC, ilipanda miti ya miwati katika maelfu ya ekari ili magome yake yatoe dawa ya kulainisha ngozi. Shamba lilikuwa Uasin Gishu na wafanyakazi walikuwa wa hapo hapo, ila wenye hisa walikaa ng'ambo. Nitarudi kwa EATEC, kwa sababu hakuna mahali ambapo hatima ya ardhi ya uwanda huu imewahi kuamuliwa mbali kiasi hicho.

Uingereza ya miaka ya 1950 ilishuhudia jambo jipya. Mwaka 1953 Charles Clore aliinunua kampuni ya viatu ya J. Sears kwa kuwaendea wenye hisa moja kwa moja na kuwapa bei nzuri, huku wakurugenzi wakipiga kelele. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba anayetaka kampuni huongea na bodi kwanza. Mwishoni mwa muongo huo vita vya kuinunua British Aluminium vilitikisa jiji la London, kwa kuwa bodi ilijaribu kutoa hisa mpya kwa rafiki yake ili kuzuia mnunuzi asiyetakiwa. Hapo ndipo swali lilipojitokeza waziwazi: wakurugenzi wanapoilinda kampuni, wanamlinda nani? Waingereza walijibu kwa kanuni za mwaka 1968, ambazo zilikataza bodi kuzuia zabuni bila idhini ya wenye hisa na zikataka kila mwenye hisa apewe bei sawa. Marekani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1982 wakili Martin Lipton alibuni kile kinachoitwa kule kidonge cha sumu: mtu akivuka kiwango fulani cha hisa bila ridhaa ya bodi, wengine wote huruhusiwa kununua hisa kwa bei ya chini mno, na fungu lake hupungua hadi halifai kitu. Mahakama ya Delaware iliukubali mpango huo mwaka 1985.

Kenya haikuwa upande wowote kati ya pande hizi mbili, na sababu yake ni ya tarehe tu. Sheria ya makampuni iliyoanza kutumika mwaka 1962, Sura ya 486, ilinakili sheria ya Uingereza ya 1948. Ilimpa mwenye hisa haki za maana: kumwondoa mkurugenzi kwa kura ya kawaida baada ya notisi ya siku 28, kuitisha mkutano akiwa na wenzake wenye sehemu moja ya kumi ya mtaji, na kwenda mahakamani akionewa na walio wengi. Pia ilimpa mnunuzi aliyefikisha asilimia 90 haki ya kuwalazimisha waliobaki wauze. Lakini ile iliyonakiliwa ilitungwa kabla ya Clore, kwa ajili ya ulimwengu ambao kampuni hazikununuliwa kwa nguvu. Tulirithi paa la nyumba kabla ya mvua yenyewe kujulikana, na kwa miaka mingi hakuna aliyelikagua.

Ukaguzi haukuonekana wa haraka kwa sababu soko lenyewe lilikuwa dogo. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha mawakala Wazungu, nao Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hisa hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Mtu wa Eldoret mwenye ngozi nyeusi aliyezaliwa mwaka 1920 alifikisha umri wa miaka 43 kabla ya soko kumruhusu kumiliki hisa moja ya kampuni iliyosaga mahindi yake.

Hisa ya kwanza aliyoishika, kwa hiyo, ilikuwa ya ardhi. Baada ya uhuru walowezi wengi waliuza na kuondoka, na mashamba yao ya maelfu ya ekari hayangeweza kununuliwa na mtu mmoja wa kawaida. Watu wakachangishana. Waliunda kampuni na vyama vya kununua ardhi, kila mmoja akatoa alichonacho na kupewa cheti cha hisa, na hisa ikahesabiwa kwa ekari. Kote Uasin Gishu, Trans Nzoia na Nakuru, ukimuuliza mzee ana hisa ngapi atakujibu kwa ukubwa wa shamba. Vyeti hivyo vilitunzwa ndani ya Biblia na chini ya magodoro, kwa sababu hatimiliki ya shamba zima ilikuwa kwa jina la kampuni na kampuni ilikuwa mikononi mwa wakurugenzi.

Hapo serikali iliweka ukuta wa pili. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 ilisema mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili bila kibali cha bodi ya ardhi ya eneo. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba sheria hiyo hiyo iligusa pia uuzaji wa hisa za kampuni binafsi au chama cha ushirika kinachomiliki ardhi ya kilimo, na kwamba bodi ilipaswa kukataa ikiwa mnunuzi si raia. Watungaji waliona mbali: kama ardhi haiuziki kwa mgeni, mgeni angenunua kampuni badala ya shamba. Katiba ya mwaka 2010 iliukaza ukuta huo iliposema, katika kifungu cha 65, kwamba kampuni ihesabiwe raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, na asiye raia asimiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Ukuta ulimzuia mtu wa nje. Aliyekuwa ndani hakuzuiwa. Wakurugenzi wa kampuni nyingi za ardhi walichelewesha ugawaji mwaka baada ya mwaka, hisa moja ikauzwa kwa watu wawili, daftari la wanachama likabadilika usiku. Mwenye hisa ndogo alipotaka kushtaki alikutana na ile kanuni ya mwaka 1843. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliagiza kampuni hizo zivunjwe na wanachama wapewe hatimiliki zao. Agizo halikumaliza mambo. Migogoro ya nani alikuwa mwanachama, na nani alinunua lini, iliingia katika siasa za Bonde la Ufa, na katika machafuko ya 1992 na ya 2007 na 2008 cheti cha hisa ya ardhi kiligeuka kuwa kitu ambacho mtu angeweza kuuawa kwa ajili yake. Naandika hili kwa uzito unaostahili. Tunapozungumza juu ya haki za wanahisa kana kwamba ni habari za wenye suti, tunasahau watu waliofukiwa pamoja na vyeti vyao.

Turudi kwa miwati. Kampuni iliyokuja kumiliki EATEC ilikuwa Lonrho ya London, iliyoongozwa na Roland Rowland, ambaye dunia ilimwita Tiny. Mwaka 1973 wakurugenzi 8 wa Lonrho walijaribu kumwondoa, wakimtuhumu kwa jinsi alivyoendesha fedha na siri za kampuni. Waziri Mkuu Edward Heath aliishambulia kampuni hiyo bungeni. Mnamo Mei 31 mwaka huo wanahisa, wengi wao watu wa kawaida wenye hisa chache, walikusanyika Westminster wakapiga kura kwa wingi mkubwa kumbakiza Rowland na kuwaondoa wakurugenzi hao. Ni mfano adimu wa wanahisa wadogo kuamua hatima ya kampuni kubwa. Mwaka 1988 Alan Bond wa Australia alinunua karibu asilimia 20 ya Lonrho, na Rowland akajilinda kwa kuchapisha uchambuzi uliosema kundi la Bond halina uwezo wa kulipa madeni yake. Bond alirudi nyuma, na si muda mrefu himaya yake ikaanguka kweli.

Rowland naye aliondolewa katika miaka ya 1990, safari hii na mshirika aliyemkaribisha mwenyewe, Mjerumani Dieter Bock. Mwaka 1998 biashara za Afrika zilitengwa zikawa kampuni ya Lonrho Africa, na wanahisa wake wakapendelea mali ziuzwe na fedha zirudishwe kwao. Ardhi ya EATEC ilikatwa vipande na kuuzwa. Mitaa na mashamba mengi kuzunguka Eldoret leo yamesimama palipokuwa na miwati. Wenye kura walikuwa London. Wenye makaburi ya babu zao ndani ya shamba hilo walipata habari kupitia kwa madalali. Kisheria hakukuwa na kosa lolote. Mwenye hisa ana haki ya kudai kampuni yake imrudishie thamani, na haki hiyo ilitekelezwa kikamilifu. Mtu anayeishi juu ya mali ya kampuni bila kuwa na hisa yake hana mkutano wa kuitwa.

Kisa cha KCC kilifika kilele chake wakati huo huo, na ndicho kinachoumiza zaidi katika uwanda huu wa maziwa. Wakulima walikuwa wakikatwa sehemu ya malipo yao ili kununua hisa za ushirika, na kiwanda cha Eldoret kilikuwa mlango wao wa soko. Mwaka 1992 soko la maziwa lilifunguliwa, KCC ikapoteza upekee wake, na usimamizi mbaya ukaongeza jeraha. Malipo yakachelewa kwa miezi. Mwaka 2000, ikiwa imelemewa na madeni, iliuzwa kwa kundi la watu wenye ukaribu na mamlaka kwa takriban shilingi milioni 547, ikapewa jina la KCC 2000. Ngome ya ushirika, yenye kura moja kwa kila kichwa na hisa zisizouzwa kwa mgeni, haikugusa suala la madeni. Aliyetaka kuiteka hakuhitaji kununua hisa hata moja. Alingoja izame, kisha akanunua jahazi.

Serikali mpya ya Mwai Kibaki ilikirudisha kiwanda mwezi Juni 2003 kwa kulipa kiasi kile kile, na ikakiita New KCC. Wakulima walishangilia, nami nadhani walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa maziwa yalipata tena pa kwenda. Ila mmiliki sasa alikuwa serikali. Hisa za makato ya miaka mingi hazikurudi kuwa sauti katika mkutano mkuu. Tangu hapo New KCC imetajwa katika orodha za mashirika ya kubinafsishwa, na kila inapotajwa swali la wakulima huwa ni moja: je, wenye hisa za zamani watatambuliwa?

Wakati hayo yakitokea, paa la mwaka 1962 lilikuwa limeanza kukarabatiwa. Sheria ya kuzuia ukiritimba ilipitishwa mwaka 1988. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Mwaka 1995 wageni waliruhusiwa kununua hisa sokoni, kwa jumla isiyozidi asilimia 40 ya kampuni na asilimia 5 kwa mtu mmoja. Vikomo hivyo vilibadilishwa mwaka 2002 na kuondolewa mwaka 2015. Sheria ya Benki kwa upande wake haimruhusu mtu wa kawaida kumiliki zaidi ya asilimia 25 ya benki, na kizuizi hicho bado kipo.

Hatua kubwa zaidi ni kanuni za mwaka 2002 kuhusu ununuzi na muungano wa makampuni yaliyoorodheshwa. Zilisema kwamba mwenye asilimia 25 anahesabiwa kuwa na udhibiti halisi. Anayefikia hapo lazima awaendee wanahisa wote na zabuni. Aliye kati ya asilimia 25 na 50 akiongeza zaidi ya asilimia 5 katika mwaka mmoja, naye lazima afanye hivyo. Bodi ya kampuni inayotakiwa haina budi kutafuta mshauri huru na kuwatumia wanahisa maoni yake. Yaani njia iliyochaguliwa ni ya London ya 1968, si ya Delaware ya 1985: hapana kidonge cha sumu, ila kuna bei na muda wa kukataa.

Umma uliingia sokoni kwa kishindo kikubwa wakati huo. Hisa za KenGen ziliuzwa mwaka 2006, na mwaka 2008 hisa bilioni 10 za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya laki nane waliomba. Katika miji ya Bonde la Ufa, miezi michache tu baada ya damu kumwagika, watu walipanga foleni nje ya ofisi za mawakala wakiwa na fomu mikononi. Katika mwaka huo huo wakala Nyaga aliwekwa chini ya usimamizi, baada ya wakala Francis Thuo mwaka uliotangulia, na wateja wakagundua kwamba hazina ya kuwafidia ililipa hadi shilingi 50,000 kwa kila mmoja. Karatasi zilikuwa zimeanza kutoweka tangu 2004, ulipofunguliwa mfumo wa kuhifadhi hisa kielektroniki. Hati haikuhitaji tena kufichwa ndani ya Biblia.

Kanuni za 2002 zilijaribiwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2013 REA Trading, iliyokuwa tayari na zaidi ya nusu ya kampuni ya mkonge ya Rea Vipingo, iliwapa wengine shilingi 40 kwa hisa. Kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaingia na bei ya juu, wakapandishiana hadi REA ilipofika shilingi 85, na mwishowe Centum ikaondoka na ekari zaidi ya 10,000 za ardhi ya Kilifi. Mwaka 2018 Rubis ya Ufaransa ilinunua asilimia 24.99 ya KenolKobil, chembe tu chini ya kizingiti, kabla ya kutoa zabuni ya shilingi 23 kwa wote. Sheria mpya ya makampuni ya mwaka 2015 nayo ilikuwa imelegeza fundo la Foss na Harbottle, kwa kumruhusu mwanahisa aombe idhini ya mahakama ashtaki kwa niaba ya kampuni.

Kwa watu wa Eldoret zabuni iliyowagusa karibu zaidi ilikuwa ya Unga. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1908, mwaka ule ule wa msafara wa van Rensburg, na Lord Delamere akiwa miongoni mwa waasisi wake. Iliorodheshwa sokoni mwaka 1971, na kimojawapo cha vinu vyake kilikuwa kikisaga katika mji huu. Tangu mwaka 2000 Seaboard ya Marekani ilikuwa na asilimia 35 ya kampuni tanzu inayoendesha vinu. Mwanzoni mwa 2018 Seaboard iliwaendea wanahisa wa kampuni mama. Yenyewe ilikuwa na asilimia 2.92, Victus, kampuni ya Kikenya, ilikuwa na asilimia 50.93 na haikuuza, bali iliungana na mnunuzi. Kilichobaki ni asilimia 46.15, mikononi mwa watu na mifuko mbalimbali, nao waliahidiwa shilingi 40 kwa hisa. Lengo lilikuwa kufika asilimia 75 ili kampuni iondolewe sokoni.

Hapo hapakuwa na mshindani wa kupandisha bei kama kule Vipingo, wala serikali, wala hati ya Malkia. Bodi haikuwa na kidonge chochote mfukoni. Waliokuwapo ni wanahisa waliosoma waraka, wakalinganisha bei na thamani ya mali ya kampuni, na sehemu yao ya kutosha ikakataa kuuza. Kiwango hakikufikiwa. Unga ilibaki katika orodha ya soko.

Hiyo haikuwa kanuni ya kudumu. Mwaka 2024 Amsons ya Tanzania iliwapa wanahisa wa Bamburi Cement shilingi 65 kwa hisa. Savannah Clinker ikatoa 70, kisha 76.55. Lakini Holcim peke yake ilikuwa na asilimia 58.6 ya Bamburi, na mwezi Desemba Savannah ilijiondoa. Amsons ilimaliza na zaidi ya asilimia 96, na shilingi 11.55 ambazo kila mwenye hisa ndogo alikuwa ameziona kwa macho zikapotea.

Agosti 15 mwaka huo huo wa 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji, la tano nchini. Kwa miaka mingi mwanahisa wa hapa aliyetaka kuuliza swali katika mkutano mkuu alipanda gari usiku, akasafiri kilomita zaidi ya 300 hadi Nairobi, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kurudi na fulana na mwavuli wenye nembo ya kampuni. Janga la korona lilivunja desturi hiyo mwaka 2020, na marekebisho ya sheria ya 2021 yakaruhusu mikutano ya mtandaoni daima. Sasa mwanahisa wa Langas au Ziwa hupokea namba ya kubonyeza kwenye simu yake, hutuma swali lake mapema kwa maandishi, husikiliza mwenyekiti akisoma majibu, kisha hupiga kura akiwa shambani kwake. Kura hiyo hufika Nairobi kwa sekunde moja, na ikifika huhesabiwa kwa idadi ya hisa zake, kama ilivyokuwa mwaka 1888.